Ngozi Ngumu ya Alumini

Vikundi kadhaa vya Thika na Ruiru vinavyotengeneza sinia na vibao vya nambari za nyumba vinatuuliza: mbona alumini yetu inachakaa na kuacha weusi mkononi, na ile ya madirisha ya mjini inakaa miaka iking'aa?

Alumini ikikutana na hewa hujifunika yenyewe kwa ngozi ya oksaidi, nyembamba mno. Umeme huikuza. Safisha kipande, kitundike kwa waya wa alumini upande wa chanya wa betri ya volti 12. Upande wa hasi funga bamba lingine la alumini. (Msivunje betri kuukuu kutafuta risasi, ni sumu.) Vyote viingie beseni la plastiki lenye asidi ya betri sehemu moja na maji sehemu mbili, visigusane. Oksijeni inashikana na alumini, na kwa nusu saa ngozi inafika kama milimita 0.01. Ni ngumu, inapitisha mwanga, na haibanduki kama rangi kwa kuwa imeota kwenye alumini yenyewe.

Kipande cha sentimita 10 kwa 10, pande zote mbili, kinataka ampea 2 hadi 3. Waya ukilegea kazi inasimama, maana ngozi hiyo haipitishi umeme. Mabati msijaribu, asidi itayala. Vitu vilivyosubuliwa kwa vyuma chakavu hutoka kijivu.

Ngozi hii ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Rangi huingia hapo, halafu vinazibwa kwa kuchemsha kipande katika maji safi ya mvua. Nusu saa yatosha penye joto la nyuzi 100, lakini Thika iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 95. Basi ongezeni muda.

Sasa hatari. Mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, itaruka machoni. Bamba la hasi hutoa haidrojeni, inayolipuka: fanyeni kazi nje, jiko na sigara mbali. Kikundi kisicho na pesa za glavu na miwani, kwa maoni yetu, kisianze. Na kabla ya kununua chochote, tafuteni mnunuzi.

Asidi iliyochoka isimwagwe Chania wala mto Ruiru, kuna watu wanateka maji huko chini. Tieni magadi kidogo kidogo mpaka povu liishe kabisa, ndipo mwage shimoni, mbali na kisima.