Hata Mzazi Asiyejua Kusoma Anaweza Kulea Msomaji

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Hata hivyo, mtoto wa PP1 au PP2 huwa na mwalimu wake kwa saa chache tu. Muda mwingi yuko nyumbani. Mtoto anayeingia Gredi ya 1 akikiogopa kitabu huanza safari ndefu na mzigo mgongoni.

Familia nyingi humwachia mwalimu kazi hii kwa sababu mbili: hakuna vitabu nyumbani, au mzazi mwenyewe hakubahatika kusoma. Yote mawili yana suluhu.

Anza na simulizi. Mtoto aliyezoea kuitikia "Pakawa!" tayari anajua kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho. Msimulie kwa lugha ya nyumbani. Akikutana na hadithi kitabuni, haitakuwa ngeni kwake.

Someni picha. Mzazi asiyejua herufi afungue kitabu cha picha na kuuliza: "Huyu anafanya nini? Unadhani ataenda wapi?" Mtoto ndiye atakayesimulia.

Tumieni maandishi yaliyopo. Pakiti ya unga, kalenda ukutani, bango la duka na jina lililochorwa kwenye matatu vyote ni vya kusomwa. Mtoto atafute humo herufi ya kwanza ya jina lake.

Tengenezeni kitabu. Chukueni karatasi 4, zikunjeni katikati kwa pamoja, kisha zishoneni kwenye mkunjo kwa uzi. Mtapata kurasa 16. Mdogo asimulie na kuchora. Kaka au dada yake aandike sentensi moja kila ukurasa. Kitabu chenye maneno yake mwenyewe atakirudia bila kuombwa.

Tengeni wakati. Dakika 10 kila jioni baada ya chakula, televisheni na simu zikiwa zimezimwa, zinafaa kuliko saa 2 za Jumapili moja kwa mwezi.

Mambo ya kuepuka

Kusoma kusifanywe adhabu. Mzazi anayemwambia mtoto mtukutu "nenda ukasome" humfundisha kwamba kitabu ni kiboko. Vilevile, asikatizwe kwa kila neno analokosea. Amalize sentensi kwanza, kisha msome tena pamoja. Akiomba hadithi ile ile kwa mara ya tano, asomewe. Kwa kurudia, huanza kuyatambua maneno.

Vitabu vinapatikana wapi?

Maktaba za Huduma ya Maktaba za Taifa (KNLS) zina sehemu za watoto. Wenye simu za intaneti wanaweza kusoma bila malipo hadithi za picha za African Storybook, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kenya. Umbali nao si kizuizi cha mwisho: huko Garissa, ngamia walianza kuwabebea wafugaji vitabu mwaka wa 1996.

Wazazi na walezi wanahimizwa kuanza jioni ya leo, kwa hadithi moja tu.