Kidogo kwa Nani?

Wadogo zangu, sogezeni viti. Leo nina barua moja tu. Mwenyewe ameniruhusu kuisimulia, na nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha. Ana miaka 28, ameolewa, anafanya kazi ya hesabu. Ameandika kurasa sita kwa mkono na ameomba radhi mara tatu kwa urefu wake.

Anasema aliona video kwenye simu kuhusu watu wazima wenye usonji, akajikuta analia jikoni na sufuria inaungua. Alipomwambia shoga yake, shoga akacheka. “Wewe? Una kazi, una mume, unaongea vizuri. Labda unao kidogo.” Swali lake kwangu ni hilo: dada, mtu anaweza kuwa na usonji kidogo?

Kwanza niwaambie yaliyomo kwenye barua. Salamu amezikariri: za nyumbani, za watoto, za kazi, kwa mpangilio huohuo. Ukianza na kazi kabla ya nyumbani, anapotea. Lebo ya blauzi ikimgusa shingoni, hasikii tena unachomwambia. Harusini spika zikifunguliwa anahisi kichwa kinafurika, na kesho yake analala chumba chenye giza hadi alasiri. Mume anadhani amenuna. Mama mkwe anasema bibi harusi wetu anaringa. Na siku mama mkwe aliposema “Humu ndani leo joto,” alijibu, “Ndiyo mama, nyuzi 32,” wala hakujua kwamba ameombwa afungue dirisha.

Tena ana daftari. Tangu darasa la sita anaandika majina ya kanga, na pembeni anaeleza aliyeivaa alikuwa anamsema nani, na kwa kosa gani. Sasa yamefika 212. Wenzake fumbo la kanga walilipata kwa mama zao bila kufundishwa. Yeye ilimbidi alisomee.

Mdogo wangu, barua yako ilinirudisha mbali. Nina ndugu wa tumbo moja, leo ni fundi redio. Alipokuwa na miaka 9 tulipita kwa jirani saa ya chakula cha mchana, tukaitwa: “Karibuni tule!” Sauti ilikuwa ile ya kutimiza wajibu, na sinia lilikuwa dogo. Mimi nikajibu kama tulivyofunzwa, asanteni, tumetoka kula. Yeye akanawa mikono, akakaa mkekani. Nilimfinya mpaka machozi yakamtoka, na njia nzima nikamwita mlafi. Hakuwa mlafi. Aliambiwa karibu, akakaribia, na nyumbani hatukuwa tumekula. Kati yetu wawili, mimi ndiye niliyesema uongo. Ule mfinyo naujutia hadi leo.

Sasa tulizungumze jambo lenyewe. Usonji ni namna ubongo ulivyojengeka tangu mtoto hajazaliwa, na sehemu kubwa unatokana na urithi wa jeni nyingi zinazofanya kazi pamoja. Haukuletwa na jicho la mtu wala na mama aliyekosa upendo. Haukuletwa na chanjo pia. Uvumi huo ulipata nguvu mwaka 1998 kwa makala ya Andrew Wakefield kuhusu watoto 12, iliyochapishwa katika jarida la madaktari la Lancet. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Nayapita haya haraka kwa sababu swali lako ni jingine.

Neno “kidogo” linatoka wapi? Wa mwanzo kuandika kwa makini kuhusu usonji alikuwa mwanamke, Grunya Sukhareva, daktari wa Moscow, aliyewaeleza wavulana sita katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1943 Leo Kanner, huko Baltimore, akawaeleza watoto 11, na maelezo yake ndiyo yaliyotawala. Kwa muda mrefu waliohesabiwa ni wale waliofanana na watoto wa Kanner tu.

Aliyepanua mlango ni Lorna Wing, daktari wa akili wa Uingereza, naye alikuwa mama wa binti mwenye usonji. Yeye na Judith Gould waliwachunguza watoto wa Camberwell, kusini mwa London, na mwaka 1979 wakaeleza walichokiona. Kulikuwa na watoto waliojitenga kabisa. Kulikuwa na wengine waliokaa kimya lakini wakikubali kuvutwa mchezoni. Na kulikuwa na wa tatu, ambao waliwafuata watu wenyewe, wakaongea sana, ila kwa namna iliyowashangaza wenzao. Shikeni hapo, maana wengi wetu tunadhani mwenye usonji lazima awe mpweke asiyetaka watu. Wapo wanaowataka watu mno, hawajui mlango ulipo. Kutokana na kazi hiyo tukapata fikra ya wigo wa usonji.

Tatizo ni kwamba tukisikia wigo tunachora mstari kichwani: huku kidogo, kule kingi, na kila mtu ana alama yake. Mimi nauona wigo kama bao. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na hakuna anayekuuliza “una bao kiasi gani?” Mtu anatazama kete zimelala vipi. Shimo moja limejaa, la jirani tupu. Kwako, shimo la maneno limejaa kete hadi mdomoni, la kelele linakuelemea, la mafumbo lilikuwa tupu ukalijaza mwenyewe kwa daftari. Mwenzako haongei hata neno, lakini kelele hazimsumbui na usiku analala vizuri. Na kete huhama: siku uliyolala vyema unapika, unacheka, unapokea wageni, siku ya msiba, maneno yanakukimbia.

Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilifuta majina yaliyokuwa yamegawanyika, likiwemo lile la Asperger ambalo watu waliliona kuwa usonji mwepesi, kikayaweka yote chini ya wigo mmoja. Shirika la Afya Duniani nalo likafanya hivyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Wamarekani wakaweka ngazi tatu, na watu wengi wanazisoma kama kidogo, wastani, kingi. Sivyo. Ngazi hizo zinapima msaada unaohitajika. Ya kwanza kabisa, ile ambayo shoga yako angeiita kidogo, inasomeka: anahitaji msaada. Anahitaji, mdogo wangu, hata yule aliye mwepesi kuliko wote machoni pa watu.

Kwa hiyo nami namuuliza shoga yako: kidogo kwa nani? Kwa aliyekuona harusini saa mbili ukitabasamu, ndiyo. Yeye hakuwepo kesho yake kwenye giza. Wataalamu wanaita kujificha huko kuvaa barakoa, na imeonekana zaidi kwa wanawake, ndiyo maana wengi wao wanagunduliwa wakiwa watu wazima au hawagunduliwi kabisa. Msichana anafunzwa mapema kutabasamu, kukaa vizuri, kuiga. Akiweza kuiga, hakuna anayeuliza bei anayolipa. Bei ipo: wasiwasi, kukosa usingizi, na uchovu mzito ambao mapumziko ya Jumapili hayauondoi.

Kwetu kuna pazia jingine tena. Vitabu vya wenzetu vinasema mojawapo ya dalili ni mtoto kutokutazama watu machoni. Haya, kwetu mtoto anayemkazia macho mzee anaambiwa hana adabu! Binti akiinamisha macho tunamsifu. Asiposema shikamoo tunamchapa, akiisema kwa sauti ileile kwa kila mtu, hata kwa mdogo wake, tunacheka. Kwa hiyo kwa watoto wetu usiishie kutazama macho. Angalia kama anakuonyesha kwa kidole kitu kilichomfurahisha, ndege au gari, ili mfurahi wote. Angalia kama anageuka ukimwita jina. Angalia siku mnayobadilisha njia ya shule inakuwaje. Ikikutia shaka, mpeleke mapema, kwanza apimwe masikio, kisha makuzi yake. Usisubiri miaka mitano kwa sababu shangazi kasema wavulana huchelewa kuongea.

Upande wa pili nao nauheshimu, maana simu zimetujaza maneno. Si kila anayependa utulivu ana usonji. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha, na kati ya waliofanana kabisa waliona jambo hili: mmoja akiwa na usonji, pacha wake hata asipokuwa nao mara nyingi alikuwa na ugumu fulani wa lugha au wa kufikiri. Ndiyo kusema tabia hizi zinatembea kwenye ukoo. Baba yako anayepanga funguo kwa ukubwa na kukasirika ukizigusa anaweza kuwa na tabia mbili tatu asiwe na usonji. Madaktari wanataka kuona mambo mawili kwa pamoja: ugumu katika kuwasiliana na kuhusiana na watu, na upande mwingine kurudia mambo, kung’ang’ania utaratibu, kuzama kwenye jambo moja au hisia zilizozidi au kupungua. Yawe yalianza utotoni, na yawe yanayasumbua maisha. Mambo ya utu uzimani yaliyoanza baada ya msiba, ajali au ndoa ya mateso yana majina mengine na tiba nyingine.

Yale maswali 50 yanayozunguka mtandaoni, ambayo Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge waliyachapisha 2001, ukitaka yajibu. Yanakuonyesha kama kuna haja ya kwenda mbele, lakini hayakupi jibu la daktari.

Wewe mdogo wangu, kabla ya daktari nenda kwa mama au bibi aliyekulea. Usiulize “nilikuwa na usonji?” Uliza ulikuwa unacheza nini, na nani. Uliza ulikataa chakula gani, na ulifanya nini ngoma ikipita mtaani. Yaandike, daftari unalijua. Kisha nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe, ukamwone daktari wa akili au mwanasaikolojia. Huenda wa kwanza akakuambia usonji ni wa watoto. Mshukuru, tafuta wa pili. Watoto hawa wanakua, hawayeyuki. Na yeyote atakayekuuzia dawa ya kuuondoa, ya chupa au ya kuoga, hifadhi fedha yako. Dawa zinaweza kusaidia wasiwasi, usingizi au kifafa vinapoambatana nao. Ya kuuondoa usonji haipo. Kinachosaidia ni wataalamu wa usemi na wa tiba kwa vitendo, na nyumba inayokuelewa.

Umeuliza pia kama umwambie mume. Mwambie, tena kabla ya daktari, na usimwambie neno “usonji” kwanza. Mwambie kuhusu giza: “Siku ile sikununa, kichwa changu kilikuwa kimejaa.” Mwombe harusini mfike baada ya chakula na muondoke kabla ya muziki kupanda, na muwe na ishara yenu ya kuondoka. Lebo zote kata leo, usimsubiri mtu akubaliane nawe. Mwombe akitaka dirisha lifunguliwe aseme “fungua dirisha.” Na mama mkwe, mwachie mumeo amweleze, kwa maneno ya nyumbani: mke wangu anasikia kile unachosema, basi tumwambie tunachotaka.

Msomi mmoja Mwingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wenye usonji hawatusomi sisi, na sisi hatuwasomi wao. Nilipoyasoma hayo nilimpigia simu ndugu yangu. Nikamwomba radhi kwa kumfinya. Akanyamaza, kisha akasema, “Wali ulikuwa wa nazi, na samaki alikuwa changu. Walikuwa watu watano.” Miaka yote hiyo alikuwa anakumbuka. Nikamuuliza kama alikasirika. Akasema hapana, ila tangu siku ile hajawahi kukaa kwenye chakula cha mtu mpaka aitwe mara tatu, na huwa anahesabu.

Umeomba radhi kwa urefu wa barua. Nakuomba nyingine, na usiifupishe. Ukurasa wa nne, ule wa kanga peke yake, nimeusoma mara nne. Marehemu mama aliniachia kanga moja aliyoivaa siku zote akienda kwa wifi yake mmoja, na kwa huyo tu. Jina la kanga hiyo nalisoma tangu utotoni na sijawahi kujua wifi alikuwa anaambiwa nini. Nitalinakili na kulituma. Kama limo kwenye yale 212, niambie ulichoandika pembeni.