Kipimo cha Pweza
Somo kwa wazee wa miji, walimu na wavuvi wa pwani

Wasomaji wetu wa pwani wajua vema ya kuwa maji ya bamvua yakitoka, mwamba huwa kama shamba. Wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana, hushuka na fimbo zao na mapakacha yao kwenda kuchokoa pweza, na kabla maji hayajarudi kitoweo cha nyumba kimepatikana, na pengine fedha za daftari za watoto pia. Shamba hili halilimwi wala halipaliliwi, na kwa ajili hiyo watu wengi hudhani ya kuwa halina haja ya kutunzwa. Katika somo hili twataka kueleza kwa nini sheria imeweka kipimo cha pweza, kwa nini kipimo hicho huvunjwa hata na watu wema, na jinsi wazee wa miji na walimu wanavyoweza kusaidia ili kishikwe.

Sheria yasemaje

Katika Tanzania Bara, Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, zakataza kuvuliwa pweza aliye chini ya gramu 500, yaani nusu kilo. Maneno ya sheria ni machache, na kila mtu aweza kuyakumbuka. Lakini kukumbuka maneno ni jambo moja, na kuyatimiza ukiwa umesimama ndani ya maji, na jua li kichwani, na maji yaanza kurudi, ni jambo la pili.

Siku moja ya bamvua tulisimama penye diko moja, ambalo jina lake hatutalitaja. Alikuja bibi mmoja mtu mzima, na pakachani mwake walikuwamo pweza sita. Walipopimwa, wanne walikuwa chini ya nusu kilo. Mwenye mizani akaanza kuandika jina lake. Sisi tulimwamkia bibi yule, naye akatuitikia kwa heshima, kisha akasema: “Mwanangu, hawa wamekwisha kufa. Nikiwatupa wataliwa na kaa. Nikiwapika wataliwa na wajukuu zangu. Ningejuaje uzito wao nao walikuwa ndani ya tundu? Mizani yenu iko huku pwani, na mkuki wangu uko kule mwambani.”

Hatukuwa na jibu siku ile. Na lililotusikitisha zaidi ni kwamba, wakati bibi yule akiandikwa, nyuma yake mchuuzi mmoja alikuwa akinunua pweza wadogo kama wale wale na kuwatia katika sanduku la barafu, wala hapana aliyemwuliza neno. Tangu siku hiyo tumelifikiri jambo hili mara nyingi, na somo hili ndilo jibu letu kwa bibi yule.

Maisha ya pweza

Kwanza yafaa tufahamu maisha ya mnyama huyu, maana mtu asiyejua sababu ya sheria huiona kuwa ni uonevu mtupu.

Pweza wetu wa miambani haishi miaka mingi. Umri wake ni kama mwaka mmoja, au mwaka na nusu. Katika muda huo mfupi hukua upesi sana, kwa kuwa ni mlaji hodari wa kaa na makombe. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Akiwa tayari huchagua tundu zuri, huziba mlango kwa mawe madogo, na huning'iniza mayai yake darini mwa tundu, makumi ya maelfu kwa hesabu na hata zaidi. Tangu hapo hatoki kwenda kuwinda. Huyapulizia maji safi, huyapangusa kwa mikono yake, huyalinda na adui, mpaka yaanguliwe. Na yakiisha kuanguliwa, mama hufa kwa udhaifu. Dume naye haishi sana baada ya kupanda.

Watoto wakitoka huwa wadogo kuliko punje ya mchele. Huchukuliwa na mikondo ya bahari kwa majuma kadha wa kadha kabla hawajatua juu ya mwamba na kutafuta matundu yao. Kwa hiyo pweza aliye katika mwamba wa mji wako huenda alizaliwa mbali, na mayai yaliyotagwa kwako huenda yakawa riziki ya mji mwingine. Hapa ndipo tuonapo ya kuwa mji mmoja hauwezi kujilinda peke yake kwa kipimo, kama jirani zake wanavua hata vichanga.

Basi pweza wa robo kilo ni kama mhindi uliochanua jana. Hajazaa, wala hajamaliza kukua. Tuseme mvuvi amekuta pweza wanne wa robo kilo kila mmoja. Akiwachukua wote amepata kilo 1. Akiwaacha mpaka kila mmoja afikie kilo 1, watakuwa kilo 4. Hata tukisema wawili wameliwa na mkunga au wamehama, wawili waliosalia watampa kilo 2, na hizo ni mara mbili ya mapato ya kwanza. Hesabu hii mtoto wa darasa la pili aweza kuifanya, nayo haihitaji miaka ya kungoja, ila miezi tu.

Lakini tusidanganyane. Nusu kilo si dalili ya kuwa pweza amekwisha kuzaa. Watu wa elimu waliopima pweza wa kusini-magharibi ya Bukini, ndicho kisiwa cha Madagascar, waliona ya kuwa majike wengi hawawi tayari kutaga kabla ya kufika kilo 2. Kipimo cha sheria ni kizingiti cha mlango, si nyumba nzima. Humzuia mtu asiharibu kilicho kichanga kabisa. Lakini ili majike wapate kutaga, kuna jambo la pili tutakalolieleza mbele.

Kupima kabla ya kuchoma

Huko Uingereza wako watu wengi sana wavuao baharini kwa mshipi, si kwa biashara bali kwa furaha na kitoweo. Samaki wampendao mno ni yule aitwaye besi. Mwaka 2015, samaki huyu alipokuwa akipungua, kipimo chake kilipandishwa kutoka sentimita 36 hata sentimita 42, kwa sababu majike huanza kuzaa karibu na urefu huo. Mvuvi akimtoa samaki humlaza juu ya kipimo, na akiwa mfupi humrudisha majini angali mzima.

Sisi twaweza kujifunza kwao, lakini tuone na tofauti iliyopo. Samaki wa ndoana hupimwa akiwa hai. Pweza akiisha kuchomwa mkuki, kumpima ni kupima maiti. Kwa hiyo bibi wa pakacha alisema kweli: kipimo cha pweza sharti kiwe katika jicho na mkono wa mvuvi, kabla ya mkuki. Mizani ya pwani huja kushuhudia tu.

Wavuvi wazoefu waweza kufanya hivi. Kwanza, atangulize kijiti butu badala ya chuma chenye ncha. Pweza hukishika kijiti, na unene wa mkono wake humwambia mvuvi habari nyingi. Pili, akiwa na shaka amtoe kwa kijiti na kwa mkono, amwinue, na akiwa mwepesi amrudishe tunduni mwake. Tatu, akiona tundu lililozibwa kwa mawe na pweza wa ndani hataki kutoka, afahamu ya kuwa huenda ni mama mwenye mayai, amwache. Nne, jiwe alilolipindua alirudishe kama lilivyokuwa, maana nyumba ikivunjwa mpangaji harudi.

Kazi ya kila mtu

Mchuuzi ndiye mlango wa jambo hili. Mvuvi mmoja akikamatwa, kumi wataendelea. Lakini mnunuzi akikataa pweza wa chini ya nusu kilo, hapana atakayejisumbua kumchoma. Kwa hiyo twawasihi wasimamizi wa sheria waanze na sanduku la barafu kabla ya pakacha. Sheria imshikayo bibi na kumwacha tajiri haitaheshimiwa na mtu.

Wenyeviti wa vijiji, masheha, na machifu wa upande wa Kenya, wao ni masikio na sauti ya mji. Kanuni za uvuvi si moja kila mahali, basi kwanza wamwulize afisa wa uvuvi wa kwao kipimo kilivyo, kisha wakitangaze siku chache kabla ya bamvua, si baada yake. Kamati za wavuvi za pwani na ziwe na mizani iliyo sawa, na daftari la kuandika idadi na uzito wa pweza kila siku. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mji wenye daftari waweza kuona kama pweza wake wanapungua mwaka hata mwaka, bila kungoja kuambiwa na mgeni.

Walimu nao wana somo tayari. Mtoto ajaze mchanga ndani ya mfuko mpaka uwe nusu kilo barabara, kisha aubebe kwa mkono wake akiwa amefumba macho. Akifanya hivyo kila juma, mkono wake utakuwa mizani. Watoto wengi wa pwani hushuka mwambani pamoja na mama zao, na kwa njia hii somo la darasani litafika mahali ambapo askari hafiki.

Kufunga mwamba

Jambo la pili tuliloahidi ni kufunga sehemu ya mwamba kwa muda. Mwaka 2004 watu wa kijiji cha Andavadoaka, katika Bukini, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kama saba, na walipoufungua walikuta pweza wakubwa. Miji mingine ikafuata, na hata huku kwetu, Zanzibar, Mafia na Songosongo, wako watu waliofanya hivyo. Faida yake ni kwamba pweza hupata nafasi ya kupita kile kizingiti cha nusu kilo na kufika kimo cha kutaga.

Lakini kuna hatari mbili. Ya kwanza ni wezi wa usiku, kwa maana mwamba uliofungwa bila walinzi ni ghala lisilo na mlango. Ya pili ni pupa ya siku ya kufungua, watu wote wakishuka pamoja na kumaliza kwa siku mbili kilichokua kwa miezi. Na tena, wazee wasifunge mwamba wote mara moja. Mwanamke asiye na chombo cha kwendea bahari kuu hana shamba jingine. Aachiwe sehemu ya kuchokolea, na sauti yake isikiwe katika baraza kabla ya kukata shauri.

Wako wasemao, “Nikimwacha mimi, atachukuliwa na mwingine.” Neno hili ni kweli katika mji usio na mapatano, na huwa uongo katika mji wenye mapatano. Ndiyo sababu hatusemi na mvuvi mmoja mmoja tu, bali na baraza zima. Na kama tukimwona tena bibi yule, tutamwambia: Bibi, ulisema kweli, mizani yetu ilikuwa mahali pasipo pake. Sasa twataka kuileta mwambani, nasi twaomba msaada wako, maana mkono wako wajua uzito wa pweza kuliko chuma chetu.

Maswali ya kujibu

1. Kwa nini haitoshi kumpima pweza akiisha kufika pwani?
2. Jike la pweza hutaga mara ngapi, na hupatwa na nini baadaye?
3. Kwa nini mji mmoja ukivua vichanga huwadhuru na jirani zake?
4. Pweza watano wa gramu 300 wana uzito gani kwa jumla? Wakiachwa mpaka kila mmoja awe na gramu 900, watakuwa na uzito gani?
5. Katika mji wako, ni nani hununua pweza wadogo, na baraza laweza kumwambia nini?