Mlipuko Mkuu na Mungu: nimjibu nini mwanangu?

Swali: Mwanangu yuko kidato cha tano, anachukua PCM (fizikia, kemia na hisabati). Anasema ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu, kwa hiyo Mungu hayupo. Nimwambie nini?

Jibu: Mwambie kwanza amsome mwenye wazo la Mlipuko Mkuu. Georges Lemaître, Mbelgiji, alikuwa padri wa Kikatoliki, aliyepewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akapendekeza kwamba chanzo chake kilikuwa atomu moja ya mwanzo.

Ila nawe usikimbilie kushangilia. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia wanasayansi huko Vatikani akiiona nadharia hiyo kama inayounga mkono uumbaji. Lemaître hakupendezwa. Kwake, fizikia hii haimthibitishi Mungu wala haimkanushi. Asiyeamini anaweza kuitumia sawasawa na padri.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Katika kazi ya sayansi, muumini na asiyeamini wote hutafuta sababu za kimaumbile: joto, mvutano, mwanga. Huo ni utaratibu wa kazi. Kusema kwamba nje ya maumbile hakuna kitu ni dai jingine kabisa, la kifalsafa, na hakuna darubini ya kulipima. Mwanao ameruka kutoka la kwanza hadi la pili. Wapo wanafalsafa makini wanaolitetea hilo la pili, naye ana haki ya kujaribu, lakini lazima alete hoja. Mwombe akupe hoja hizo, na umsikilize mpaka amalize.