Dharau Huiba Talanta: Somo Kutoka Nazareti Hadi Usambara



Kijana mwenzangu, somo letu leo ni Marko 6:1-6. Lisome kwanza kwenye Biblia yako, halafu rudi hapa tuendelee.

Umesoma? Yesu yuko kwao Nazareti, anafundisha katika sinagogi. Watu wanaishangaa hekima yake, lakini papo hapo wanaanza kumpima kwa kazi yake na ukoo wake. Si ndiye yule seremala? Mama yake si tunamjua? Halafu Marko anaandika jambo ambalo kila nikilisoma linanisimamisha: Yesu hakuweza kufanya mwujiza wowote pale, ila aliponya wagonjwa wachache tu. Nguvu zake hazikupungua, maana yeye ni Mungu. Kilichofungwa ni mlango wa kuzipokea. Watu wa Nazareti walishaamua yeye ni nani, basi wengi wakabaki na magonjwa yao.

Kama dharau ilimfanyia hivyo Bwana wetu, je, mimi na wewe?

1. Dharau inashusha kazi ya anayedharauliwa

Mwaka 2006 watafiti wawili, Karla Hoff na Priyanka Pandey, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya vijijini India. Huko jamii imegawanyika kwa matabaka, na mtu anazaliwa katika tabaka la juu au la chini. Waliwapa wavulana wa darasa la sita na la saba michoro ya njia zinazopindapinda, wakatakiwa kutafuta njia ya kutokea. Kila mchoro ukiupata, unalipwa. Pale ambapo tabaka la mtoto halikutajwa, watoto wa juu na wa chini walifanya sawasawa. Tabaka lilipotangazwa mbele ya wenzao, watoto wa tabaka la chini walipata michoro michache zaidi. Akili ni zile zile na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni tangazo tu.

Tafiti kama hizi zimefanyika sehemu nyingi, na si zote zilizoonyesha tofauti kubwa kiasi hicho. Lakini jambo lenyewe hata sisi tunalijua. Binti akiambiwa kila siku kwamba hesabu ni za wavulana, siku ya mtihani anapambana na maswali na huku anapambana na hayo maneno. Kijana wa sekondari ya kata akijua wenzake wanasubiri kucheka Kiingereza chake "cha kuombea maji", hata jibu analolijua linamkwama kooni. Na mtu akishazoea kutotendewa haki, mwisho anajiuliza: nijitume ili iweje?

2. Dharau inapofusha anayepima

Hapa naomba tuje kwetu Tanga. Ukipanda milima kutoka Muheza unafika Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Baadaye kikawa cha Waingereza, na kwa miaka mingi kikashughulika na malaria. Waafrika walikusanya mimea, wakakamata mbu, wakafanya kazi za maabara. Lakini wakati wa ukoloni mtaalamu alikuwa Mzungu, Mwafrika alikuwa msaidizi. Cheo kiliamua ni jicho la nani linaaminika.

Ng'ambo ya bonde la Lwengera, Usambara Magharibi, ndiko alikosoma Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji inagombaniwa, basi yeye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa! Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini alimwambia wao hutumia mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Muuza aiskrimu alijua, ila nani angemuuliza?

Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii mwalimu alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likaifanya utani. Hakunyamaza. Alikwenda maabara akajaribu mwenyewe. Kisha Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza nao, akamuuliza mbele ya wenzake wanaocheka. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Jamani, jibu liko mkononi na bado halionekani. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, lakini dunia nzima wanaliita kwa jina la Mpemba.

3. Sisi tufanye nini?

Natanaeli naye alikuwa na dharau yake kuhusu Nazareti (Yohane 1:46). Filipo hakubishana naye, alimwambia aje aone. Natanaeli akaenda, akaona, akabadilika. Hiyo ndiyo dawa: nenda uone kabla ya kuhukumu. Wahenga walisema, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Kwenye vikundi vyetu, nani hupewa kusoma masomo na kuandika kumbukumbu za kikao, na nani kila mara huosha sufuria? Yakobo 2:1-4 inakataza kupendelea watu kwa mavazi yao. Katekisimu (KKK 1934-1935) inatufundisha kwamba watu wote wana hadhi sawa, na ubaguzi unapingana na mpango wa Mungu. Hivyo dharau tuipeleke kitubioni kama dhambi nyingine.

Na wewe unayedharauliwa, shika 1 Timoteo 4:12. Talanta yako umepewa na Mungu, na hesabu yake ataidai kwako, hataidai kwa waliokucheka. Uliza tena. Jaribu tena.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani nimeshaamua hawezi, kabla sijamwona akifanya?
2. Ni kazi gani nimeiacha kwa kuogopa kuchekwa?
3. Wiki hii nitampa nani nafasi ambayo hajawahi kupewa?

Sala: Ee Yesu, seremala wa Nazareti, uliyedharauliwa na watu wa kwenu, utusamehe tulivyozifukia talanta za wenzetu. Utupe macho ya kuona kama unavyoona wewe, na ujasiri wa kutumia ulichotupa. Amina.