Nyumba Namba 78

Northampton, nchi ya Uingereza, ni mji wa washona viatu tangu zamani. Mwaka wa 1642 mafundi wake walipewa kazi ya jeshi: jozi 4,000 za viatu na jozi 600 za buti.

Katika mji huo, barabara ya Derngate, iko nyumba nyembamba, namba 78, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka wa 1917 aliingia humo Bwana Bassett-Lowke. Je, alikuwa mshona viatu? La! Yeye alitengeneza magari-moshi madogo ya mfano. Viatu viliingia pamoja na bibi arusi: mkewe, Florence Jane, alitoka katika jamaa ya wenye kiwanda cha Crockett & Jones.

Bwana huyo alimwomba Mackintosh, msanifu wa Scotland, aigeuze nyumba. Ukumbi ukapakwa rangi nyeusi, yenye pembetatu za manjano. (Kwetu mgeni angeuliza kama pana matanga.) Wakati ule ilikuwa vita, na baadhi ya samani zilitengenezwa na mafundi Wajerumani waliofungwa kizuizini katika kisiwa cha Man. Tazama basi: adui akaipamba nyumba ya arusi!

Mwaka wa 1926 wenyewe wakahama. Mwaka wa 1964 shule ya wasichana ikainunua. Tangu 2003 wageni huingia kuitazama.

Zoezi: Chagua nyumba moja kuukuu mjini kwako. Nani walikaa humo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alifanya kazi gani? Anza kwa kuwauliza wazee, karatasi zitangoja.