Maua ya Porini na Ndege wa Asali katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Wako watu wadhanio kwamba pori la miombo halina maua. Wapitao njia ya Nachingwea mwezi wa Agosti huona majani makavu, majivu na vumbi. Basi husema nchi imekufa. Na wangoje kidogo.

Katika Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha, miombo na mitondoro huchipua majani mekundu kama shaba. Maji yatoka wapi? Mizizi yake yaenda chini sana, tena miti hii huweka akiba ya maji katika shina. Mninga nao, ungali hauna majani, hujivika maua ya manjano, na nyuki huvuma humo mchana kutwa. Mbuyu hufungua maua yake meupe jioni, na popo ndio wayatembeleao usiku.

Mvua zianzapo, Novemba au Desemba, ardhi yenyewe huchanua. Ua jekundu la mviringo, lenye nyuzi nyingi, hutoka katika kitunguu kilichojificha chini. Kumbikumbi huruka, na mbayuwayu waliotoka Ulaya huwadaka hewani. Uyoga mwingi huota chini ya miombo, maana nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya miti, nao hulishana. Miti ikikatwa, uyoga huo hukoma. Liko pia ua litambaalo vichakani, lenye ndimi nyekundu na njano kama mwali wa moto. Waalimu, waonyesheni watoto ua hili: kiazi chake chafanana na chakula, lakini kina sumu ya kuua.

Pori la Nachingwea lilipata kufyekwa kwa matrekta tangu 1947, kwa mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza. Mpango ule uliachwa 1951. Lakini sisi twauogopa zaidi moto wa Oktoba. Moto wa Mei au Juni, nyasi zingali na unyevu, hupita bila madhara makubwa. Ule wa Oktoba huteketeza maua na majani machanga pamoja, na nyuki huhama. Mche wa mninga hufa shina kila kiangazi, ukabaki mzizi tu, miaka mingi, hata upate nguvu ya kusimama. Moto mkali hurefusha kungoja huko.

Nyuki wakihama, mlembe naye hukosa kazi. Ndege huyu mdogo hula nta na mabuu ya nyuki, lakini mzinga hawezi kuupasua. Kwa hiyo humwita mtu, humtangulia mti kwa mti. Padre João dos Santos, Mreno aliyekaa Sofala, aliandika habari zake tangu 1588: ndege waliingia kanisani mwake kuidonoa mishumaa ya nta! Ng'ambo ya Ruvuma, katika Niassa, Wayao humwita kwa mlio maalumu waliofundishwa na baba zao. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba mtu atoaye mlio huo hufikishwa penye nyuki mara 54 katika 100, na atoaye sauti nyingine mara 16 tu. Asali ikiisha kutolewa, Wayao humwekea mlembe nta yake juu ya majani mabichi, apate kuiona.